Mavica, Coolpix 950, PowerShot au Nokia: ununue kamera ipi ya dijitali ya zamani?

Kamera ndogo za dijitali zilishakuwa takataka za droo. Sasa vijana waliokua na simu mkononi wanazitafuta kwa pesa nzuri. Wanataka zile picha za flashi kali, nyuma giza totoro, tarehe ya rangi ya chungwa pembeni. Wauzaji nao wameshaligundua hilo: tangazo likiandikwa "CCD" tu, yaani aina ya sensa (kinasa mwanga) ya kamera za zamani, bei inapanda. Sisi tuliozishika zikiwa mpya tunaulizwa kila siku ipi ilikuwa nzuri, na hapo ndipo ushauri unapopotea njia, kwa sababu kamera iliyotamba mwaka 1999 inaweza kuwa mzigo leo.

Kipimo changu ni kifupi. Kamera ya zamani ichague kwa betri na kadi. Lenzi, megapikseli na rangi vinafuata nyuma, tena mbali. Kamera iliyokosa umeme ni pambo la kabatini, na picha iliyonasa ndani ya kamera ni kama haikupigwa.

Kwa kipimo hicho, mbili maarufu tuziweke kando mapema. Apple QuickTake 100 ya mwaka 1994 ilibeba picha 8 tu za pikseli 640 kwa 480. Haikuwa na kioo cha kuonyesha ulichopiga, na ukitaka kufuta picha moja ilibidi ufute zote. Kuzitoa kunahitaji waya na kompyuta za enzi hizo, kwa hiyo utahangaika kutafuta kompyuta kuliko kamera yenyewe. Casio QV-10 ya mwaka 1995 ndiyo iliyotuzoesha kupiga na kutazama papo hapo, maana ilikuwa na kioo cha inchi 1.8 mgongoni. Lakini picha zake ni pikseli 320 kwa 240, haina flashi, na kumbukumbu yake ya MB 2 imefungwa ndani bila nafasi ya kadi. Anayekusanya vitu vya kale azinunue. Anayetaka kupiga picha aendelee kusoma.

Mavica, iliyomeza flopi

Mwaka 1997 Sony walitoa Mavica mbili, FD5 na FD7. Hazikuwa kamera za mfukoni. Ubavuni zilikuwa na mlango wa flopi ya inchi 3.5, ileile ya MB 1.44 iliyokuwa ikibeba barua za ofisini. Leo inachekesha, lakini wakati ule ilikuwa akili kubwa. Kamera nyingine zilidai waya maalumu, programu ya kusakinisha na kompyuta inayokubaliana nazo. Kwa Mavica ulichomoa flopi, ukaichomeka kwenye kompyuta yoyote ya jirani, ukafungua faili. Ndiyo maana ilipendwa na watu wasio wapiga picha kabisa: wakaguzi wa bima wanaopiga magari yaliyogongwa, madalali wa nyumba, walimu. Picha moja ilikuwa na makumi ya kilobaiti tu, kwa hiyo ilipita hata kwenye intaneti ya simu ya mezani, ukivumilia.

FD7 ina lenzi inayovuta mara 10, jambo ambalo simu nyingi za leo haziliwezi bila kudanganya kidogo. Picha ni pikseli 640 kwa 480. Flopi moja inaingiza kama 15 hadi 40, kutegemea ubora uliochagua. Kila ukibofya, mota inakoroma, unasubiri sekunde kadhaa, ndipo inakuwa tayari tena. Mtoto akicheka, utapata picha ya mtoto aliyemaliza kucheka.

Picha zenyewe zinaonekana kama fremu iliyogandishwa kutoka kwenye mkanda wa video ya harusi: laini, rangi zimemwagika nje ya mipaka yake, kingo zina ngazi ndogondogo. Kuna wanaopenda hivyo, nami nimo. Ila usizitegemee kwenye karatasi. Ukichapisha kwa ubora wa kawaida wa studio, yaani nukta 300 kwa inchi, pikseli 640 zinatosha sentimita 5 na kitu tu. Ukitanua hadi saizi ya postikadi unaanza kuhesabu viboksi.

Sasa betri, na hapa Mavica inashangaza wengi. Inatumia betri za ukoo wa NP-F, na betri hizo bado zinatengenezwa kwa sababu taa za LED za wapiga video zinatumia hizohizo. Mtaa wowote wenye watu wanaorekodi harusi, betri ipo. Wewe hakikisha tu kamera inaikubali kabla hujalipa, maana Mavica huchagua.

Kinachoiangusha ni flopi. Sony wenyewe waliacha kuziuza Japani mwaka 2011. Zinazopatikana ni za stoo, na stoo za Pwani hazina huruma: joto na unyevu vinaotesha ukungu juu ya diski, ukungu unachafua kichwa cha kusomea, kisha kichwa kinaharibu hata flopi nzima utakayoweka baadaye. Utahitaji pia kisomeo cha flopi cha USB, ambacho bado kinauzwa. Mavica za flopi za mwisho, FD100 na FD200 za mwaka 2002, zina pia nafasi ya Memory Stick, kadi ya Sony wenyewe, na kwa matumizi ya leo ni afadhali hizo. Ila Memory Stick za aina ile ya kwanza nazo zimekuwa za kutafuta kwa tochi.

Coolpix 950, kiuno chake kinazunguka

Kwa picha peke yake, hakuna kamera ya kabla ya mwaka 2000 kwenye orodha hii inayoisogelea Nikon Coolpix 950. Ilitoka mwaka 1999 ikiwa na megapikseli 2, bodi ya magnesiamu, lenzi inayovuta mara 3, na umbo lisilo la kawaida: mwili umekatwa vipande viwili vinavyozunguka katikati. Lenzi unaielekeza juu huku kioo kikikutazama wewe chini. Unaweza kuiweka karibu na ardhi ukapiga siafu bila kulala kifudifudi. Na inasogea hadi sentimita 2 kutoka kwa kitu, jambo ambalo hata leo si kila kamera inaliweza.

Mambo haya yaliipeleka kusikotarajiwa. Watu wa maabara waliifunga kwenye hadubini. Mtazama ndege wa Malaysia, Laurence Poh, aliiweka kwenye tundu la kutazamia la darubini yake mwaka huohuo wa 1999 akapata picha za ndege wa mbali, na mtindo huo wa kupiga kupitia darubini ukaenea duniani kote.

Inatumia betri 4 za AA, zile za rimoti na saa ya ukutani. Hilo ni jambo jema sana na baya kidogo. Jema kwa sababu AA ipo kwenye kila duka la Mangi. Baya kwa sababu inazinywa. Betri za kawaida za dukani zitakwisha kabla sherehe haijafika kwenye keki. Nunua za kuchaji za NiMH, seti mbili, na chaja yake. Usibishane na hili.

Kadi ni CompactFlash, ambazo bado zinapatikana kwa wapiga picha wenye kamera kubwa za zamani. Iliyokuja nayo dukani ilikuwa ya MB 8 na ilibeba kama picha nane za ubora wa juu. Leo tafuta ndogo, MB 256 au 512, kwa sababu kamera za umri huu hazielewi kadi kubwa. Nunua pia kisomeo cha CompactFlash, maana Coolpix 950 haina USB. Iliyokuja na USB ni Coolpix 990 ya mwaka 2000, ndugu yake wa megapikseli 3. Ukiikuta kwa bei ileile, chukua 990.

Ubaya wake mwingine ni uzee tu. Inawaka polepole, inatafuta fokasi kwa kigugumizi, na kwenye mwanga hafifu chembechembe zinajaa.

IXUS na PowerShot za A

Canon Digital IXUS ya mwaka 2000 nitaipita haraka. Ni nzuri kutazama, chuma kitupu, ndogo hadi ikakaa mfuko wa shati, megapikseli 2. Ilikuwa kamera ya watu wenye nazo. Betri yake ni ya umbo lake yenyewe, NB-1L, na nakala zake utaagiza kutoka mbali bila kujua zimekaa ghalani muda gani. Kwa kipimo changu inashindwa hapo.

Ukoo wa PowerShot A ndio ninaowashauri watu wengi, na ni kwa sababu ya ukawaida wake. Hizi zilikuwa kamera za mtu wa kati: mwalimu aliyetumwa kupiga mahafali, shangazi aliyerudi kutoka Muscat au London, kijana aliyepiga picha za kipaimara kwa malipo kidogo. Plastiki, nene upande wa kushikia, hazina maringo. A520 ya mwaka 2005 ni mfano mzuri: megapikseli 4, lenzi inayovuta mara 4, betri 2 tu za AA, kadi ya SD, waya wa USB mdogo uleule uliotumika kwenye vifaa vingi vya miaka hiyo. Ina hata njia ya kupanga mwanga mwenyewe, kitu ambacho kwenye kamera ya bei yake kilikuwa ukarimu.

Kuhusu SD, sikiliza vizuri. A520 na wenzake wa kabla ya mwaka 2006 wanasoma kadi hadi GB 2 basi. Ukiweka ya GB 32 inakuambia kadi ina hitilafu, na muuzaji asiyejua atakuuzia kwa bei ya chakavu akidhani kamera imekufa. Hapo ndipo mtu mwenye kadi yake ya GB 1 mfukoni anapopata bahati.

Hata hivyo, ndani ya ukoo huu kuna mtego mkubwa, na unatuhusu sisi wa Pwani kuliko mtu wa Ulaya. Mwaka 2005 Canon, Sony na kampuni nyingine kadhaa walitangaza kwamba baadhi ya kamera za miaka ya karibuni zilikuwa na sensa za CCD ambazo nyaya zake za ndani zinaachia. Chanzo kilichotajwa ni joto na unyevu. Picha inakuja na mistari, inapinda, inageuka zambarau, au inatoka nyeusi kabisa huku menyu ikionekana sawasawa. Kwa Canon, A60, A70 na A75 zimo. Wakati ule zilirekebishwa bure, lakini dirisha hilo limefungwa zamani. A70 iliyokaa kabati la Tanga au Mombasa miaka 20 isinunuliwe bila kuiona ikipiga picha. Na hata ikipiga leo, mimi ningeiacha nichukue A520.

Olympus na Fujifilm za miaka hiyo zilitoa picha tamu, sikatai, rangi za Fujifilm hasa. Tatizo ni kadi. SmartMedia iliishia MB 128, na xD, iliyoanza mwaka 2002, iliishia GB 2. Zote hazitengenezwi tena. Zinunue tu kama kadi imo ndani na inafanya kazi, na bei ya kadi ihesabu humohumo.

Zile picha tunazozikumbuka

Kabla ya kamera hizi tulikuwa na mkanda wa picha 36. Unapiga, unapeleka studio kusafishwa, unasubiri, unakuta kichwa cha bwana harusi kimekatwa. Dijitali ilipofika, mchezo ukahamia nyuma ya kamera. Ukishapiga tu, watu wote wanaacha pozi na kukimbilia kioo. "Hebu nione." "Futa hiyo, nimefumba macho." Tena "Futa" haikuwa ya urembo tu. Kadi ya MB 16 ilikuwa imejaa, na ili keki ikatwe kwenye picha, lazima mtu aondoke. Kwa hiyo picha za mbio, za vicheko, za mpishi akifuta jasho jikoni, ndizo zilizofutwa kwanza, zikabaki za mistari na suti. Mkanda wa filamu haukuwa na ubaguzi huo. Picha mbaya ilibaki kwenye negativu hata kama hukuichapisha. Ukishapata kamera yako ya zamani na kadi ya GB 2, acha kufuta. Huo ndio ubora pekee ambao sisi hatukuwa nao.

Sura ya picha hizo inatokana na mambo machache ya wazi. Sensa zilikuwa ndogo na hazikuweza kubeba mwanga mkali na kivuli kwa pamoja. Shela jeupe na suti nyeusi kwenye jua la saa nane? Kamera ilichagua kimoja. Mara nyingi shela liliungua likawa karatasi tupu, au uso wa bibi harusi ukazama gizani kwa sababu kamera iliona weupe mwingi ikapunguza mwanga. Wapiga picha wajanja walijifunza kuwasha flashi mchana kweupe ili uso uinuke, na hila hiyo bado inafanya kazi kwenye kamera zote nilizozitaja. Usiku flashi ilifika mita tatu hivi, nyuma ya hapo giza. Kwa kuwa flashi imekaa jirani na lenzi, macho yanatoka mekundu, na vumbi la hewani linatoka kama duara zinazoelea. Kuna waliokula kiapo kwamba duara zile ni majini yaliyohudhuria arusi.

Je, ni CCD inayoleta hayo? Kidogo sana. Alama ya CCD ambayo huwezi kuikana ni ule mstari wima unaotokea juu na chini ya jua au taa kali. Rangi zinatokana zaidi na vichujio vilivyo juu ya sensa na namna kamera inavyopika picha kabla ya kuihifadhi. Canon EOS 300D ya mwaka 2003, kamera kubwa iliyopendwa sana na studio nyingi, ilikuwa ya CMOS, aina nyingine ya sensa, na hakuna aliyelalamika rangi. Usilipe ziada kwa herufi tatu.

Na simu je?

Tuseme ukweli, kwa wengi Afrika Mashariki kamera ya kwanza ya dijitali iliyokuwa yao wenyewe ilikuwa simu, si Mavica wala Nikon. Kama unachotafuta ni kumbukumbu hasa, basi Nokia 6300 ya mwaka 2007 ina haki ya kukaa kwenye orodha hii. Kamera ya megapikseli 2, haina flashi wala fokasi ya kujirekebisha, rangi zimefifia kidogo, usiku haioni kitu. Ila ipime kwa kipimo chetu: betri ni BL-4C, ambayo kibanda chochote cha simu kinayo, na kadi ni microSD hadi GB 2. Kwa betri na kadi inaishinda IXUS yenye lenzi bora mara nyingi. Kwa picha inashindwa na zote isipokuwa Mavica, na hata hapo wako watakaobisha.

Kwa hiyo, ukitaka kamera ya kubeba kwenye sherehe, kumpa mtu akupige, na kesho yake kutuma picha kwenye kundi la familia, chukua PowerShot A520 au jirani zake wa AA na SD. Ukitaka kuchezea kamera yenyewe, kupiga wadudu, maua, vitu vya karibu, na una subira, Coolpix 950 au 990. Mavica mpe mtu wa sanaa, anayetaka sauti ya mota na ngazi za kwenye kingo, na awe na mahali pakavu pa kutunzia flopi. Nokia ni ya mwenye bajeti ya nauli.

Ukienda kununua, Kariakoo, Luthuli au kwa mtu aliyeshusha mzigo wa Dubai, beba betri zako na kadi zako, CompactFlash ndogo na SD ya GB 1 au 2. Fungua mlango wa betri kwanza: unga wa kijani au mweupe kwenye vyuma ni betri iliyovuja, na kama umeingia ndani fundi hatakusaidia sana. Piga picha moja ukutani pasipo flashi, moja ukiwa na flashi, uvute lenzi hadi mwisho na kuirudisha huku ukisikiliza kama inakwaruza. Zikuze kwenye kioo utafute mistari au uzambarau. Kisha fungua menyu. Kamera nyingi zinazofika kwetu zinatoka Japani; Canon kwa kawaida zina lugha kadhaa ndani, lakini Sony za soko la Japani mara nyingi zina Kijapani pekee, na hakuna pa kuibadilisha. Mwisho chomoa betri dakika moja, zirudishe, utazame tarehe. Ikirudi mwanzo, kibetri kidogo cha duara kinachotunza saa kimekufa. Kwa baadhi ya kamera ni kitu cha kubadilisha mwenyewe, na ni sababu nzuri ya kuomba punguzo.